Kinachosafiri ni Karatasi

Mwalimu wa Kiswahili akitoka kwenye semina ya mbinu shirikishi hurudi shuleni na karatasi. Imeorodhesha kazi ya kila mwanafunzi katika kikundi cha kujadili kitabu: kiongozi wa maswali, mteuzi wa vifungu, mtafuta msamiati, mchoraji, mfupishaji, na mmoja wa kuhusisha kisa na maisha ya huku nje. Ni karatasi nzuri. Inaeleweka kwa kuitazama mara moja, kuitoa kopi si gharama, na ikibandikwa ukutani mthibiti ubora wa shule akipita anaiona na kuiandika kwenye ripoti yake. Wiki za mwanzo darasa huchangamka. Muhula ukielekea ukingoni karatasi ingali ukutani, ila mwalimu kesharudi ubaoni, anaandika FANI upande huu na MAUDHUI upande ule, na wanafunzi wananakili.

Maelezo ya kwa nini inakuwa hivyo ni mengi. Mwalimu hataki kubadilika. Mafunzo yalikuwa ya siku chache mno. Watoto wetu hawapendi kusoma. Dawa inayopendekezwa huwa ni semina nyingine, yenye mwezeshaji mwingine na maka peni mpya. Sidhani kama kasoro iko kwa mwalimu. Naiona kwenye kile tulichoamua kukisafirisha: katika mpango mzima wa vikundi vya vitabu tulibeba sehemu iliyo nyepesi, tukaiacha inayogharimu.

Mpango wenyewe haukuanzia kwenye karatasi. Mwaka 1982, katika mji wa Phoenix, Arizona, nchini Marekani, mwalimu wa shule ya msingi aitwaye Karen Smith alikuwa na vitabu vya hadithi darasani, na wanafunzi wake wa darasa la tano wakavutiwa navyo. Walijipanga wenyewe katika makundi, wakavisoma na kuvijadili. Mwaka 1994 Harvey Daniels wa Chicago alichapisha kitabu kilichoyapa makundi ya namna hiyo utaratibu, na ndicho kilichoueneza mtindo huo katika shule nyingi za nchi hiyo na nje yake. Ukiyapitia masharti aliyoyaweka, karatasi ya majukumu haimo katika yale mazito. Sharti la kwanza ni wanafunzi kuchagua wenyewe kitabu. Kikundi kiundwe na wale waliochagua kitabu kimoja, kiwe kidogo, na kivunjike kitabu kikiisha. Vikundi tofauti visome vitabu tofauti. Wakutane kwa ratiba isiyoyumba, kila mmoja akiwa na maandishi aliyoyafanya wakati akisoma, na mada zitoke kwao. Mwalimu awe msaidizi tu. Karatasi za majukumu ziliwekwa kwa ajili ya siku za mwanzo, mpaka watoto wazoee kuongea wenyewe kwa wenyewe, kisha ziwekwe kando.

Hazikuwekwa kando. Toleo la pili la kitabu hicho lilipotoka mwaka 2002, Daniels alilazimika kuonya kwamba karatasi zile katika madarasa mengi zilikuwa zimegeuka ndiyo kazi yenyewe: mtoto anasoma alichojaza, mwenzake anasoma chake, wakimaliza wamemaliza, na hakuna aliyemjibu mwingine. Hayo yalitokea kwenye nchi yenye maktaba za shule na rafu zilizojaa. Kwa hiyo tusijilaumu kupita kiasi. Chochote kinachoweza kujazwa na kukusanywa kina tabia ya kuiba nafasi ya kile ambacho hakiwezi kukusanywa, na mazungumzo hayakusanyiki.

Sasa uvushe mpango huo bahari, uulete kwenye shule ya kata ya Tanzania.

La kwanza kudondoka njiani ni uchaguzi. Kwa miaka mingi orodha ya vitabu iliyochapwa ndani ya mtihani wa Kiswahili wa kidato cha nne Tanzania imekuwa karibu ileile: Takadini, Watoto wa Mama Ntilie na Joka la Mdimu kwa upande wa riwaya, Orodha, Ngoswe na Kilio Chetu kwa tamthiliya, Wasakatonge, Malenga Wapya na Mashairi ya Chekacheka kwa ushairi. Wa Tunduru na wa Kinondoni wanasoma vilevile, na alichosoma kaka mtu ndicho atakachosoma mdogo wake. Kwa kuwa mtihani huomba vitabu viwili kutoka kila fungu, bado kuna upenyo mdogo wa kuchagua viwili kati ya vitatu. Upenyo huo nao huwa hauamuliwi na mwanafunzi wala mwalimu, huamuliwa na stoo: vinasomwa vile ambavyo nakala zake zipo.

Hapo kwenye nakala ndipo kwenye moyo wa jambo. Shule za kata zilijengwa kwa wingi chini ya Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari (MMES) ulioanza mwaka 2004, na waraka wa elimu bila ada uliotolewa mwishoni mwa 2015 ukaongeza watoto madarasani kuanzia Januari 2016. Ni jambo la heri, na sitaki kusikia mtu akilalamikia watoto kwenda shule. Lakini tuchukue mkondo mmoja wa kidato cha tatu wenye wanafunzi 72, na stoo yenye nakala tisa za Watoto wa Mama Ntilie. Mwalimu anagawa vikundi tisa vya watu wanane wanane, kila kikundi nakala moja. Kwenye andalio la somo imekaa vizuri kabisa. Kipindi ni dakika 40. Kusogeza meza na viti kunakula tano, kugawa vitabu na kusaini daftari kunakula nyingine, na ukiacha dakika za kurudisha vitu mahali pake unabaki na kama nusu saa.

Katika nusu saa hiyo, nani ana kitabu? Mmoja. Kwa kawaida ni monita, au yule binti anayejua kusoma kwa haraka, au mbabe aliyekifikia kwanza. Mtafuta msamiati anamwomba amtajie neno gumu. Mchoraji anachora Mama Ntilie ambaye hajawahi kukutana naye ukurasani, anamchora mama lishe wa kituo cha basi cha kwao, na pengine huo ndio mchango wa maana kuliko yote ya siku ile, ingawa karatasi haina mahali pa kuusemea. Mfupishaji anafupisha alichosimuliwa. Mwenye kitabu kageuka mwalimu. Matokeo yake ni kwamba darasa lililokuwa na msemaji mmoja na wasikilizaji 72 sasa lina wasemaji tisa na wasikilizaji 63, na kelele za kutosha kumleta mwalimu wa hesabu wa chumba cha pili mlangoni.

Wapo watakaosema miradi huleta vitabu. Ni kweli, huleta, na kazi ya kuchapisha hadithi za watoto kwa Kiswahili imefanywa kwa bidii. Mradi wa Vitabu vya Watoto uliobuniwa Dar es Salaam mwaka 1991 ni mfano ambao waandishi na wachoraji wengi wana deni la shukrani kwake. Ila boksi likishapokelewa shuleni na mkuu wa shule akasaini, vile vitabu vimekuwa mali ya umma, na mali ya umma ina mtu wa kuulizwa. Kitabu kilichochakaa kwa kusomwa na kitabu kilichopotea huonekana sawasawa siku ya ukaguzi: vyote havipo kwenye rafu. Mwalimu mwenye ufunguo anajua hakuna atakayemuuliza kwa nini vitabu havijasomwa. Basi anafunga. Sioni ubaya wa mtu hapo, naona hesabu iliyopigwa vizuri na mtu anayelipwa mshahara mdogo. Mpango unaotaka vitabu vitembee ungeandika tangu mwanzo kwamba sehemu fulani ya vitabu inategemewa kupotea kila mwaka, na fedha ya kuvifidia imo. Huo ungekuwa mstari mmoja kwenye bajeti, na ungefanya kazi kubwa kuliko siku tatu za semina.

La pili linalobomoa vikundi ni mtihani, na hili linahitaji kusemwa kwa uangalifu kwa sababu watu hupenda kuutwisha mtihani kila dhambi. Swali la fasihi la kidato cha nne lina umbo ambalo kila mwanafunzi analijua usingizini: linatoa kauli, linaomba uithibitishe kwa kutumia vitabu viwili, hoja tatu kwa kila kitabu. Si swali baya. Mwenye kukisoma kitabu analijibu vizuri. Tatizo ni kwamba asiyekisoma naye analijibu, maana hoja sita unaweza kuzikariri kutoka kitabu cha uchambuzi kinachouzwa mtaani kwa bei ya chini kuliko riwaya yenyewe, tena kimeshakupangia dhamira, migogoro, ujumbe na falsafa ya mwandishi. Katika uchumi huo, mjadala wa nusu saa unaoishia kwa kikundi kugawanyika katikati ni hasara tupu. Ndiyo maana mwalimu anayejaribu hukutana na swali lilelile kengele ikikaribia: "Mwalimu, sasa jibu ni lipi, tuandike?" Walikuwa wanabishana kwa moto dakika mbili zilizopita. Kalamu zimeshashikwa.

Kenya ni hivyohivyo kwa majina mengine. Karatasi ya tatu ya Kiswahili ya mtihani wa KCSE ina vitabu teule vyake, miongozo ndiyo biashara, na vikundi vya uigizaji hupita shuleni vikiwachezea watahiniwa kitabu kizima jukwaani. Maonyesho hayo ningeyatetea. Angalau mwanafunzi hutoka ukumbini akigombana na mwenzake kuhusu mhusika.

Lakini kuna jambo ambalo wapangaji wa vikundi hivi hawaliulizi kabisa, nami hunishangaza. Wanafunzi wetu tayari wana vikundi. Nenda shule yoyote ya bweni usiku wa prepo, au shule ya kutwa baada ya saa tisa na nusu, utakuta watu watano wamejibanza kwenye kona ya darasa, mmoja ubaoni na chaki iliyookotwa, wana diskasheni. Hakuna mwalimu aliyewapanga. Wamechaguana kwa kujua nani anaweza nini, wanamfukuza asiyechangia, wanaanza kwa wakati, na wakikwama wanamfuata kaka au dada wa kidato cha juu. Karibu kila sharti la Daniels limo humo isipokuwa moja: kitabu. Mezani kuna pepa za miaka iliyopita na madesa. Diskasheni ya fasihi huwa ni mashindano ya nani kakariri hoja nyingi. Hata hivyo kazi ngumu kuliko zote, ile ya kuwafanya vijana wakae pamoja na kuambiana "hapo umekosea", imeshafanyika bila mradi wowote. Mpango wenye akili ungeanzia pale, ungepeleka vitabu kwenye kona ile na kuomba waazimwe usiku mmoja. Badala yake tunavunja vikundi walivyoviunda kwa hiari saa kumi, tunaunda vingine asubuhi kwa kuhesabu moja mpaka nane.

Na hatuna sababu ya kujifanya wageni wa jambo hili. Mwaka 1973 Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima ya Tanzania iliendesha kampeni ya Mtu ni Afya, na watu wapatao milioni 2 walikaa katika vikundi nchi nzima kwa wiki 12. Kipindi kilisikika redioni, kikundi kikasikiliza, mmoja akasoma kwa sauti sehemu ya kitabu cha kampeni, wengine wakasikia na kuanza kujadili: maji ya kwetu yakoje, mbu wanazaliana wapi, choo cha fulani kiko umbali gani kutoka kisimani. Wengi wao walikuwa ndiyo kwanza wanajifunza kusoma. Haikulazimu kila mtu kuwa na nakala yake, kwa sababu kitabu kilisomwa kwa sauti na kila mtu alikuwa mbele ya maneno yaleyale kwa wakati mmoja. Jingine lililoupa mjadala uzito ni kwamba haukuishia kwenye maneno. Walitoka hapo wakachimba vyoo. Kampeni nayo ilikuwa na mapungufu yake, ikitoka juu kwenda chini kama mengi ya wakati ule, na mjadala ambao hitimisho lake limeandikwa Dar es Salaam si huru sana. Lakini walioipanga walielewa kwamba nakala zikiwa chache, sauti inaweza kujaza pengo.

Darasani nako, kilichoonekana kushika ni kusoma kwa sauti. Mwalimu anachukua kipindi pacha, dakika 80, anasoma sura au onyesho zima mwenyewe au anawapa wasomaji watatu wazuri wagawane, na hagusi ubao. Kwa tamthiliya ni rahisi zaidi kwa kuwa sauti zimeshagawanywa na mwandishi. Baada ya hapo kikundi hakihitaji majukumu sita, kinahitaji swali moja ambalo watu wazima wenye akili timamu wanaweza kutofautiana juu yake. Kupata swali la namna hiyo ndiyo kazi ya mwalimu, na ni ngumu. "Taja dhamira tano" haligawi watu. "Je, Sekai alifanya vyema kumtorosha Takadini na kumwacha Makwati?" liko karibu, lakini wote hukimbilia upande mmoja, kwani nani atamtetea mume huyo mbele ya kijiji kilichotaka kumuua mtoto kwa sababu ya rangi ya ngozi yake? Linachangamka pale tu anapotokea mmoja wa kuuliza ni kipi hasa Makwati angeweza kufanya.

Ngoswe ya marehemu Edwin Semzaba ndiyo hazina. Kijana ametumwa kijijini kuhesabu watu, anapenda binti wa watu, Mazoea, aliyekwisha kuposwa, na mzee Mitomingi, baba wa binti, kwa hasira anazichoma karatasi za sensa. Kwa mtu anayeandika kuhusu miradi, hii ni tamthiliya ya kusomwa kabla ya kuandika andiko lolote la kuomba fedha: kazi ya taifa zima inateketea katika moto wa jambo la nyumbani ambalo hakuna aliyeliweka kwenye orodha ya vihatarishi. Kwa kidato cha tatu, swali linakuja lenyewe. Nani kaliingiza taifa hasara, Ngoswe au Mitomingi?

Ukiuliza hivyo na kunyamaza, kikweli kunyamaza, bila kutikisa kichwa wala kusema "vizuri" kwa yule uliyekubaliana naye, yanatoka mambo. Wavulana wengi huanza kwa kumcheka Ngoswe. Kisha mmoja anasema mzee hana haki ya kuchoma mali ya serikali, na mwingine anamuuliza baba aliyedhalilishwa nyumbani kwake na mtu wa serikali angekwenda kushtaki wapi. Wasichana wakishaona kwamba hakuna anayewakatiza huuliza mbona kila mtu anamsema Ngoswe na Mitomingi, na Mazoea hajaulizwa anataka nini. Halafu yupo mmoja wa nyuma, ambaye hajawahi kunyoosha mkono muhula mzima, anayetaka kujua kwa nini hesabu ya kijiji kizima ikae kwa mtu mmoja bila nakala. Hilo sijaliona kwenye kitabu chochote cha uchambuzi.

Zipo mada ambazo kimya hicho hakisaidii. Kilio Chetu inahusu wazazi wasiotaka kuwaambia watoto ukweli kuhusu mapenzi na UKIMWI, na kikundi cha mchanganyiko cha wenye miaka kumi na sita hukaa nacho kama wamemwagiwa maji. Ukiwatenganisha wavulana na wasichana kwa dakika ishirini za mwanzo, kisha ukawaunganisha, wanazungumza.

Linabaki suala la alama, na hapa sina suluhisho la kumridhisha mwalimu wa taaluma. Mwanafunzi aliyetoka kwenye mjadala ule akiwa ameshawishika kwamba kosa kubwa ni la waliompa mtu mmoja kazi ile bila wa kumtazama anaweza kuiandika hoja hiyo, akaitetea kwa mifano ya ndani ya tamthiliya. Mtahini anaweza kuipokea. Anaweza pia kuwa na rundo la mamia ya karatasi za majibu mbele yake, na kichwani ana hoja sita anazozitegemea, mojawapo ikiwa uzembe, kwa kuwa neno hilo liko kwenye jina kamili la kitabu. Walimu wengi wazuri hulimaliza kwa ujanja ambao haumo kwenye mwongozo wa mradi wowote. Huwaambia wanafunzi waandike waliyoyagundua kurasa za nyuma za daftari, huyasoma na kuyasahihisha kwa kalamu nyekundu kwa heshima ileile, na hujadiliana nao ni lipi kati ya hayo linaweza kuvaa umbo la hoja ya mtihani na lipi libaki huko nyuma. Ni kazi ya ziada isiyo na posho, na kwenye ripoti ya robo mwaka haina kisanduku cha kujaza.